Ziwa la Mkono wa Mtu

Nyinyi wa Bombolulu na Kisauni nzima, nyinyi wa Likoni ng'ambo ya feri, nyinyi wa Changamwe, Mikindani na Miritini, mama yangu uliye jikoni unakanda unga wa mahamri, kaka yangu uliye ndani ya tuktuk ukingojea abiria wa mwisho, babu uliye barazani na redio yako ubavuni: karibuni sana. Vuta kiti, punguza kelele za watoto kidogo, tuzungumze.

Leo tunazungumza matembezi. Nianze na swali. Mtu wa Mombasa akisema, "Jumapili twendeni tukapunge upepo," huwa anakusudia wapi? Jibu mnalo. Atakwenda Pirates, yaani ule ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi. Au atavuka daraja la Nyali aende Mama Ngina, akale mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili huku akitazama meli zikiingia bandarini. Kwetu sisi matembezi ni bahari. Tumezaliwa tukaikuta, na watoto wetu wataikuta.

Basi msikilizaji wangu ataniuliza: watu wenye bahari hivi, wana haja gani ya kwenda kutazama ziwa? Tena ziwa la kuchimbwa? Si hayo ni mambo ya watu wa bara, wasiokuwa na maji mengine ya kutazama?

Swali hilo ni zuri, na ndilo litakalotuongoza leo. Nitazungumza mambo matatu. Kwanza, lile ziwa tulilo nalo hapa jirani limetoka wapi. Pili, ukienda kulitembelea, uende vipi na ujihadhari na nini. Na tatu, wenzetu waliokuwa na maziwa kama hayo karibu na miji yao yaliwafika yepi. Na katika yote matatu kuna neno moja nitakalolirudia mpaka mlichoke: ziwa la mkono wa mtu hutunzwa na mkono wa mtu. Haya, twende.

Ukiwa Bombolulu, simama steji upande wa kuelekea Mtwapa, panda matatu, mwambie makanga akushushe Haller Park. Si safari. Hujamaliza kusoma ujumbe kwenye simu yako, umefika. Wengi wetu tunalipita lango lile kila siku, asubuhi tukienda kazini na jioni tukirudi, na tumejiambia kwamba mle ndani ni mahali pa wazungu na mabasi ya watalii. Sasa ukiingia utakuta nini? Utakuta msitu mzito, na ndani ya msitu maji: mabwawa na maziwa madogo madogo yaliyotulia. Viboko wanatoa pua, kenge wanaota jua, mnandi wamekaa juu ya matawi wametandaza mbawa zikauke. Mgeni asiyeambiwa ataapa kwamba pale Mwenyezi Mungu ndiye aliyepaumba hivyo tangu siku ya kwanza.

Lakini wazee wetu waliofanya kazi pale wanajua. Pale palikuwa timbo. Timbo tupu, jeupe, la kuumiza macho.

Kiwanda cha simiti cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Saruji hutaka chokaa, na chokaa yetu ya pwani imo ndani ya jiwe la tumbawe, lile jiwe la matumbawe yaliyokufa zamani mno, bahari ilipokuwa juu zaidi ya hapa ilipo leo. Basi mashine zikakwangua. Zikaondoa miti, zikaondoa udongo, zikala jiwe mwaka baada ya mwaka. Nyumba ngapi za Mombasa zimesimama kwa jiwe lile? Nyumba ngapi za Nairobi? Hatuwezi kulilaumu timbo huku tumelala ndani yake. Ila kilichobaki nyuma kilikuwa jangwa la mawe: hakuna kivuli, hakuna udongo, joto linapiga kutoka juu na kutoka chini, na maji ya ardhini yana chumvi.

Sasa yale maji ya ziwa yalitoka wapi? Hapa hakuna mto uliozuiwa kwa ukuta, kama ule wa Tana unavyozuiwa kule Masinga. Umemwona mtoto akichimba mchanga pale Pirates? Anachimba, anachimba, na akifika kina fulani, maji yanajitokeza yenyewe kutoka chini. Na timbo ni hivyo hivyo. Ukichimba jiwe la pwani hadi karibu na usawa wa bahari, unakutana na maji yaliyo ndani ya ardhi. Ukizidisha kidogo, umepata bwawa. Maji yenyewe si matamu kabisa na si ya bahari kabisa, ni ya chumvichumvi hivi, lakini samaki wengine wanayaweza.

Mwaka 1971 kazi ya kulifufua timbo lile ilikabidhiwa bwana mmoja Mswisi, mtaalamu wa bustani na kilimo, René Haller, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda tangu 1959. Msimdhanie kuwa alikuja na fedha nyingi na mbolea za meli. Alianza kwa kujaribu. Alipanda miti ya aina 26 juu ya lile jiwe. Ishirini na sita! Na ni aina tatu tu zilizovumilia. Mmojawapo ulikuwa mvinje.

Mvinje mnaujua nyote, wasikilizaji. Ni ule mti wetu wa ufuoni, wenye majani membamba kama sindano, unaovuma upepo ukipita. Sifa yake ni kwamba haudai udongo mzuri. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti. Kwa hivyo mvinje hujilisha mahali ambapo mti mwingine ungekufa njaa.

Lakini kukatokea tatizo jingine. Majani ya mvinje yalidondoka, yakalundikana, na hayakuoza. Udongo utatoka wapi ikiwa majani hayaozi? Hapo ndipo alipoingia fundi ambaye sisi tukimwona nyumbani tunamfagia nje kwa ufagio: jongoo. Ndiyo, jongoo huyu huyu. Ilionekana kwamba jongoo mkubwa wa pwani, mwenye miguu myekundu, anakula yale majani makavu ya mvinje bila shida. Basi majongoo wakakusanywa, wakatiwa msituni. Wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa mbolea. Haba na haba, juu ya jiwe tupu ukapatikana udongo. Juu ya udongo ikaota miti mingine. Ndege wakaja na mbegu nyingine matumboni mwao. Nyani na tumbili wakaja bila kuitwa.

Na kwenye mabwawa wakatiwa samaki aina ya tilapia, wale ambao wenzetu wa Tanzania wanawaita perege. Samaki wakaliwa, wakauzwa, na kwa kuwa samaki wadogo hula viluwiluwi vya mbu, maji yale hayakugeuka kuwa kiwanda cha malaria. Mamba wakafugwa. Mwaka 1984 milango ikafunguliwa kwa watu wote waje kutembea. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira lenye makao Nairobi, ukamtunuku Haller tuzo ya Global 500. Na mwaka 1999 mahali pale pakapewa jina lake, Haller Park.

Mnaona mambo yalivyopangana? Timbo, mvinje, jongoo, udongo, maji, samaki, ndege, watu. Kila kimoja kilimtangulia mwenzake, na nyuma ya vyote kulikuwa na mikono: ya mtaalamu, na pia ya vibarua wa Kisauni na Bamburi waliobeba miche juani, ambao majina yao hayamo kwenye kibao chochote langoni. Ndiyo maana nasema, na nitarudia: ziwa la mkono wa mtu hutunzwa na mkono wa mtu.

Sasa niwakumbushe kile kisa kilichozunguka dunia nzima. Tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi ya tsunami yalivuka Bahari ya Hindi yakafika hadi kwetu. Kule Malindi, karibu na mahali mto Sabaki unapoingia baharini, kiboko mchanga alipatikana peke yake kwenye miamba ya baharini, bila mama na bila kundi. Watu wa Malindi, wavuvi na wageni, walihangaika naye kwa nyavu na kamba mpaka wakampata. Wakampa jina Owen, jina la mmoja wa waliomkamata. Siku ya pili akaletwa Haller Park. Sasa kiboko yatima huyu alipoachiliwa kando ya bwawa, alikwenda wapi? Alikwenda moja kwa moja kujificha nyuma ya kobe mkubwa, kobe wa visiwa vya Aldabra, mwenye umri unaokisiwa kufika miaka 130, aitwaye Mzee.

Mzee mwanzoni hakutaka ujirani. Alitoa sauti ya hasira, akajisogeza pembeni. Owen akamfuata. Akajisogeza tena, akamfuata tena. Mwisho wake wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja, wanaogelea katika bwawa moja. Picha zao zikafika Amerika na Ujapani, na Dakta Paula Kahumbu, Mkenya mwenzetu aliyekuwa akisimamia mahali pale wakati huo, alishiriki kuandika kitabu cha watoto juu yao. Baadaye Owen alipokua alihamishiwa kwa kiboko mwenziwe wa kike, Cleo, kwa sababu kobe na kiboko mkubwa si watu wa kuachwa pamoja.

Lakini swali langu ni hili: watoto wangapi wa Bombolulu wanakijua kisa hiki? Mtoto wa Chicago amekisoma darasani. Na mtoto wetu, anayeweza kufika pale kwa nauli ndogo tu, amekisikia wapi? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Tunaota kumpeleka mtoto Maasai Mara siku moja Mungu akijalia, na ni ndoto njema. Lakini twiga yuko Bamburi, na mtoto anaweza kumlisha kwa mkono wake.

Haya, tumeingia jambo la pili. Ukienda, uende vipi?

Kwanza, bei. Kwenye lango kuna bei ya mgeni wa ng'ambo na kuna bei ya mkaazi, na bei ya mkaazi ni nafuu. Mtu mzima beba kitambulisho chako. Walimu, ziara ya shule ipangeni mapema, kwa barua au kwa simu.

Pili, saa. Usiende saa sita ya mchana ukategemea kuona maajabu. Adhuhuri kiboko hana haja nawe, yumo majini amelala. Nenda jua likianza kuegemea. Alasiri hadi jioni ndio wakati viboko wanapolishwa, wanaibuka majini, na ndege wanarudi kwenye viota. Hapo ndipo mahali panapochangamka.

Tatu, chakula. Mabuyu, kachri, mahamri, beba upendavyo, lakini funga vizuri ndani ya mkoba. Tumbili wa pale hawaombi. Wanachukua. Usimcheke jirani aliyepokonywa, huenda wewe ukafuata. Tena usimpe mnyama yeyote chakula cha mfukoni mwako. Huduma ya kulisha ina saa zake na ina wenyewe.

Nne, na hili naomba tulisikie vizuri: maji ya mle si ya kuogelea. Mna viboko na mna mamba. Kiboko anayeonekana mzito na mvivu anamzidi mtu mbio. Mshike mtoto mkono. Usimpandishe juu ya ukuta apigwe picha, na wewe mwenyewe usirudi kinyumenyume ukitafuta picha ya simu.

Tano, mwenye kutumia kigari cha magurudumu. Hili ni letu hasa sisi wa Bombolulu. Tangu 1969 mtaa wetu una karakana za chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, ambako vigari hivyo hutengenezwa na mafundi ambao wengi ni walemavu wenyewe. Itakuwa aibu tukifanya matembezi ya mtaa tumwache nyumbani aliyekitengeneza kigari. Basi ukiwa na ndugu mwenye kigari, uliza langoni njia ipi ni tambarare, na mpange mwendo wenu kwa mwendo wake. Na wenye kuendesha sehemu za starehe popote Pwani, sikilizeni: njia anayopita kigari hupitwa pia na bibi mwenye bakora na mama mwenye mtoto kwenye kibebeo. Hakuna hasara.

Na asiyetaka wanyama, anataka miguu yake tu? Hapo hapo Bamburi kuna Forest Trails, njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli chini ya miti iliyopandwa vilevile juu ya timbo la zamani. Na ukielekea upande wa bara kidogo, kuna Nguuni: nyika wazi, mikoma imesimama, mbuni na pofu wanalisha, na mabwawa ambayo ndege wanayajia makundi kwa makundi. Wapenda ndege, amkeni alfajiri.

Sasa niseme neno la huzuni kidogo, kwa sababu matembezi yana upande wake wa hatari. Si kila timbo lililojaa maji ni Haller Park. Tunayo mashimo mengine bara ya Mombasa, ya kokoto na ya matofali ya mawe, yaliyochimbwa yakaachwa. Mvua ya masika ikinyesha, yanajaa. Maji yanapendeza, na siku ni ya joto, na vijana wa shule wamefunga. Mnajua yanayofuata. Shimo la timbo halina mteremko kama ufuo wa bahari. Unapiga hatua moja maji yako magotini, hatua ya pili huna chini. Kuta zake ni jiwe la kuteleza, hakuna pa kushika. Na penye maji baridi yaliyotuama, yenye konokono, pana kichocho, ugonjwa wa kukojoa damu ambao Pwani yetu inaujua toka zamani.

Basi tufanye nini? Wazazi, watajieni watoto mashimo kwa majina, lile la nyuma ya shule, lile la karibu na kwa fulani, na muwaambie waziwazi wasikaribie. Na mtu akizama, usirukie ndani ikiwa hukufunzwa kuokoa, maana tutawazika wawili. Tupa kamba. Nyoosha mti mrefu. Tupa mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko, ashikilie aelee. Na nyinyi viongozi wa mitaa, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye leseni ya kuchimba aitengeneze ardhi anapomaliza. Ulizeni shimo lenu ni la nani. Bamburi ilionyesha kwamba inawezekana, na ilionyesha tangu 1971.

Sasa jambo la tatu na la mwisho: wenzetu.

Twende Nairobi. Wengi wenu mmefika Lang'ata na mmesikia mahali panaitwa Nairobi Dam. Bwawa lile lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji. Kisha likawa mahali pa starehe. Watu wa Nairobi, wasiokuwa na bahari, waliendesha mashua za tanga pale, wakavua samaki, wakakaa majanini Jumapili na watoto wao. Klabu ya mashua ilikuwa pale pale ukingoni. Mashua za tanga Nairobi! Mtu wa Lamu atacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Leo ukienda utaona nini? Gugumaji limetanda. Maji machafu ya vyoo na takataka za mitaa ya juu, ikiwemo Kibera ambayo kwa miaka mingi iliachwa bila mifereji ya maji taka, yaliteremka na kuingia bwawani. Matope yakajaa. Penye maji pakapungua, na penye ukavu watu wakapanda mboga na wengine wakaingia kujenga. Bwawa halikufa siku moja. Bandu bandu, huisha gogo.

Kwa nini Nairobi Dam likafa na maziwa ya Bamburi yakaishi? Watu wa Nairobi hawakuwa wabaya. Nafikiri sababu ni hii: Bamburi palikuwa na mtu wa kuamka asubuhi na kuulizwa, "Maji yako vipi leo?" Palikuwa na mwenyewe. Nairobi Dam lilikuwa la kila mtu, na la kila mtu mara nyingi huwa si la mtu. Tena waliokuwa wakilistarehea walikuwa wachache, na waliokuwa wakiishi juu yake, ambao taka zao ziliteremka kwa kukosa pa kuzitupa, hawakuwa na haja na mashua. Maji ambayo jirani hayamfai, jirani hatayalinda.

Na twende Kampala. Kule kuna ziwa liitwalo Ziwa la Kabaka. Nalo ni la mkono wa mtu. Lilichimbwa miaka ya 1880 kwa amri ya Kabaka Mwanga, aliyetaka kulifikisha hadi Nyanza, Ziwa Victoria, apite kwa mitumbwi. Alichimbisha watu kwa nguvu, na wakubwa kwa wadogo walishurutishwa kuingia matopeni. Chuki ya kazi ile ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomwangusha mwaka 1888. Mfereji haukufika Nyanza. Ziwa likabaki, na lipo mpaka leo mjini Kampala. Ukitaka ziwa lidumu na wewe udumu nalo, watu walitake.

Kwa nini nayasema haya kwa watu wa Bombolulu? Kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza, mambo ya Bamburi yanabadilika. Mwishoni mwa 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania ilikinunua kiwanda cha simiti. Biashara hubadilisha mikono, hilo ni jambo la kawaida. Lakini msitu na maziwa yale yamekuwa urithi wa mtaa mzima, na urithi hauna budi kuwa na wa kuuulizia. Mahali panapotembelewa na wenyeji wengi, mwenye mali hupaona pana thamani. Panapotembelewa na wageni tu, siku wageni wakipungua, kama tulivyoona wakati wa korona hoteli zetu zikifungwa, panabaki bila mtetezi. Kwa hivyo kiingilio chako na cha wanao si starehe tu. Ni kura yako.

Sababu ya pili ni Mwache. Kule Kinango, kaunti ya Kwale, linajengwa bwawa kubwa la Mwache, linalokusudiwa kutupa maji ya kunywa Mombasa na Kwale. Sisi tunaokunywa maji ya Mzima, yaliyoletwa kwa bomba miaka ya 1950 kutoka mbali kule Tsavo, na ya Baricho kutoka bonde la Sabaki, tunaijua shida ya mifereji mikavu. Muuza maji na mkokoteni wake ni jamaa yetu. Basi bwawa hilo likijaa, litakuwa ziwa la mkono wa mtu karibu na mji wetu, kubwa kuliko yote ya Bamburi. Na penye ziwa watu watakwenda kutembea, upende usipende. Je, wataogea mle mle tunamokunywa? Taka zao zitakwenda wapi? Jirani wa Kinango aliyetoa shamba lake atapata nini: atauza madafu na samaki ukingoni, ataongoza wageni, au atatazama ua wa waya kwa mbali? Haya yaulizwe sasa, mikutano ya hadhara ingali inaitishwa. Yakiulizwa baadaye, tutakuwa tunaulizana jinsi watu wa Nairobi wanavyoulizana.

Wasikilizaji wangu, saa yetu inakimbia. Nikusanye tuliyoyasema.

Tumesema maziwa ya Bamburi yalikuwa timbo, na yakafanywa kwa mvinje, kwa jongoo, kwa samaki na kwa jasho la watu. Tumesema ukienda, nenda alasiri, beba kitambulisho, funga chakula, mshike mtoto, usiingie majini, na usimwache nyumbani mwenye kigari. Tumesema mashimo yaliyoachwa ni hatari, na watoto waambiwe kwa majina. Na tumesema Nairobi Dam lilikufa kwa kukosa mwenyewe, na Mwache lisije likafuata.

Na mliouliza, watu wa bahari wanataka nini ziwani? Jibu langu ni hili. Bahari hatukuifanya sisi. Mtu akiitazama bahari hujifunza ukubwa wa Muumba, na ni elimu kubwa. Lakini mtoto akisimama kando ya ziwa la Bamburi ukamwambia, "Hapa palikuwa jiwe tupu, na watu kama babako walipafanya hivi," atajifunza kwamba kilichoharibiwa na mtu kinaweza kutengenezwa na mtu. Sisi wenye matimbo mengi, majaa mengi na mito michafu mingi, elimu hiyo tunaihitaji leo.

Basi ombi langu kwenu ni moja. Likizo hii ya shule, kabla hamjapanga safari ya mbali, pelekeni watoto Bamburi. Na nyinyi wa Kinango, Samburu na Mazeras, bwawa la Mwache likiitiwa mkutano, fikeni, kaeni mbele, mseme. Ziwa la mkono wa mtu hutunzwa na mkono wa mtu.